Nane kwenye sanduku, saba kwenye daftari

Sanduku lile la hifadhi lilikuwa limetutumikia miaka sita. Lilikaa chini kabisa ya raki ya pili, diski 24 mbele, vidhibiti viwili nyuma, na seva zetu 6 za ESXi, mfumo wa VMware unaoendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu) nyingi ndani ya seva moja, zilikuwa zikilifikia kwa iSCSI, njia ya kutumia diski kwa mtandao, kupitia swichi mbili. Mwaka 2016 sanduku jipya lilikuwa limeshafungwa juu yake, nami nikakabidhiwa kazi ya kuliondoa la zamani. Nilifurahi kupewa. Kufunga kitu kipya hupewa hata mgeni kazini. Kuondoa kitu ambacho mamia ya watu wanakitegemea bila kujua kwamba kipo, hapo ndipo unapoaminiwa kweli.

Kwa wiki tatu nilihamisha mashine pepe kwa Storage vMotion, inayopeleka diski zake kutoka hifadhi moja hadi nyingine, moja baada ya nyingine, zikiwa kazini na watumiaji wake hawajahisi lolote. Nilianza na zile za majaribio, nikamalizia na za hifadhidata. Kila stoo, yaani eneo la hifadhi zinakokaa faili za mashine pepe, iliyobaki tupu niliitilia alama kwenye daftari. Stoo zilikuwa 7. Ijumaa jioni zote zilikuwa na alama, na Jumamosi usiku ndio muda tuliokubaliwa kwa kazi ya kuzima.

Nilikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa na sababu. Miaka kadhaa nyuma, mahali nilipojifunzia kazi, niliona kinachotokea hifadhi inapoondolewa ghafla. Mtu alichomoa kebo za sanduku aliloamini halitumiki. Seva hazikuanguka, na heri zingeanguka. Ziliganda. Kwenye vCenter, programu ya kusimamia seva zote, ziliandikwa kwamba hazijibu, huku mashine pepe zilizokuwa kwenye hifadhi nyingine zikiendelea na kazi, lakini hatukuweza kuzihamisha wala kuzizima kwa utaratibu. Tulikesha tukizizima seva moja moja kwa kitufe.

Baadaye ndipo nilipoelewa sababu. Seva ikiikosa LUN, yaani kipande cha hifadhi ambacho sanduku huionyesha seva kama diski moja, bila kuambiwa neno, huchukulia kwamba njia zote zimekatika kwa muda na zitarudi, basi hujaribu tena na tena. Matoleo ya zamani ya ESXi yaliweza kujaribu hivyo bila kikomo, mpaka hostd, yaani huduma inayoisimamia seva, nayo ikakwama. Kuanzia toleo la 5.1 kuna kikomo cha sekunde 140. Muda huo ukipita, seva huyaacha maombi yake yenyewe, ingawa ya mashine pepe huendelea kurudiwa. Hali ni tofauti kabisa pale sanduku linapojibu kwa kinywa chake kwamba LUN hiyo haipo tena. Hapo seva hujua kwamba huu ni msiba, si safari, nayo huacha kungoja. Aliyeaga hufungiwa mlango. Aliyetoweka husubiriwa usiku kucha.

Kwa hiyo mpango wangu ulitoka kwenye seva kwenda kwenye sanduku. Ningeteremsha stoo kwenye seva zote ili ziache kuitumia, nikitenge kila kifaa, yaani kila LUN, kwenye kila seva, na baada ya hapo tu ndipo niziondoe LUN kwenye sanduku, nifute anwani zake kwenye mipangilio ya iSCSI, na niskani upya. Umeme ungekuwa wa mwisho kabisa. Niliuandika ukurasa mzima na kuupitia mara nyingi, na hata leo naamini ulikuwa mpango sahihi. Kasoro haikuwa kwenye hatua. Ilikuwa kwenye hesabu niliyoanza nayo.

Jumamosi ile nilikuwa na dada aliyekuwa mkuu wetu upande wa seva. Alisoma ukurasa wangu polepole, kisha akauliza, "Mdogo wangu, sanduku lina LUN ngapi?"

"Saba, dada."

"Umeliuliza sanduku, au umeliuliza daftari?"

Nilifungua ukurasa wa usimamizi wa sanduku lenyewe. Wiki zote tatu nilikuwa nimekaa upande wa vCenter, nikihesabu stoo. Kwenye sanduku LUN zilikuwa 8. Tukafungua grafu za matumizi. Saba zilikuwa zimelala kama nilivyotarajia. Ya nane ilikuwa ikiandikwa. Maandishi madogo, kila baada ya sekunde chache, bila kukoma. Dada aliweka kidole kwenye skrini, akasema, "Huyu bado anapumua."

Sitasahau ubaridi ulionipanda mgongoni. Kama ningeufuata mpango wangu bila swali lile, zile hatua za stoo 7 zingepita salama, na mwisho ningezima umeme wa sanduku lililokuwa bado limebeba kitu hai.

LUN ile haikuwa na stoo juu yake, ndiyo maana haikuwa kwenye orodha yangu. Ilikuwa imekabidhiwa mashine pepe moja kwa moja kama diski ghafi, ile tunayoiita RDM. Kwa mpangilio huo, ndani ya stoo hukaa faili dogo la ramani tu, linaloielekeza mashine pepe kwenye LUN, na data yote hukaa kwenye LUN yenyewe. Dada aliandika mistari miwili ya PowerCLI, zana ya amri za VMware, kuorodhesha diski ghafi zote za klasta, yaani kundi la seva zetu. Lilitoka jina moja, nalo lilikuwa la hifadhidata ya mishahara.

Mashine ile nilikuwa nimeihamisha mwenyewe siku nne kabla, na alama yake ilikuwepo kwenye daftari. Nilipoihamisha, kwenye swali la muundo wa diski niliacha jibu lililokuwa limechaguliwa tayari: muundo uleule wa mwanzo. Kwa diski ya kawaida, hilo halina neno. Kwa diski ghafi, maana yake ni kwamba inahamishwa ramani peke yake. Kazi iliisha kwa dakika chache, nikaona imekwenda vizuri, wala sikujiuliza imewezekanaje gigabaiti 600 zihame kwa dakika chache. Swali hilo lilipaswa kunijia wakati uleule.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Leo hatuzimi kitu." Muda tuliopewa kwa kuzima tukautumia kuhamisha. Kwanza tulihakikisha kwamba nakala rudufu ya usiku uliotangulia imekamilika na inafunguka. Kisha tukahakikisha kwamba diski ile iko kwenye hali ya upatanifu pepe, inayoruhusu data yake kunakiliwa mashine ikiwa kazini, kwa sababu ingekuwa ya hali halisi, ingebidi kuizima mashine na kubadili mpangilio kwanza. Tukaihamisha tena, safari hii kwenda stoo nyingine na kwa kuchagua muundo wa diski nene, ile inayotengewa nafasi yake yote tangu mwanzo, ili data yote inakiliwe kuwa faili la diski la kawaida. Asilimia zilipanda taratibu mno. Tulibadilishana kulala kwenye kiti. Alfajiri kazi ilikwisha, na kwenye ukurasa wa sanduku grafu ya LUN ya nane ikashuka hadi chini, ikabaki mstari ulionyooka. Tuliitazama dakika nzima bila kusema.

Jumamosi iliyofuata tulirudi. Sasa nilijua niulize nini, na majibu yaliyotoka yalinionyesha jinsi kitu kinachoitwa kitupu kinavyoweza kuwa na mizizi. Stoo mbili kati ya zile 7 ndizo zilizokuwa zikitumiwa na klasta kwa mapigo ya moyo, ambayo seva kuu ya klasta huyategemea ili kutofautisha seva iliyokufa na iliyopotea kwenye mtandao tu. Tukachagua stoo mbili za sanduku jipya. Mashine pepe moja ilikuwa bado imeingiziwa taswira ya CD iliyokuwa kwenye stoo ya zamani, huenda tangu siku iliyosakinishwa. Udhibiti wa foleni za stoo ulikuwa umewashwa, tukauzima. Hayo yalikwenda haraka.

Seva ya nne ndiyo iliyotuchelewesha. Kila tulipoomba stoo ya tatu iteremshwe, seva tano zilikubali na hiyo moja ikakataa, ikidai kwamba rasilimali inatumika. Seva zetu ziliwaka kutoka kadi za SD, na kadi hizo hazifai kuandikiwa kila mara, kwa hiyo mtu fulani zamani alikuwa ameielekeza sehemu yake ya muda, pamoja na logi (kumbukumbu za matukio), kwenye stoo ile. Mpangilio huo haubadiliki mpaka seva iwashwe upya. Tukaiweka kwenye hali ya matengenezo, mashine zake zikahamia kwa wenzake, tukabadili njia, tukaiwasha upya. Dakika 40. Niliushukuru ukaidi wake. Seva inayokataa inakuambia jambo, na anayetafuta namna ya kuilazimisha hajalisikia.

Kisha ikaja kazi ya kutenga vifaa. LUN 8 kwa seva 6 ni mara 48, na hakuna mkato ambao ningeuamini usiku ule. Kila LUN ina kitambulisho kirefu kinachoanza na naa, na vya sanduku moja hufanana karibu vyote isipokuwa mwishoni. Ukitenga kimoja kimakosa kwenye sanduku jipya, umeyarudisha yaleyale uliyoyakimbia. Nilisoma herufi sita za mwisho kwa sauti, dada akaziangalia kwenye karatasi iliyochapwa kutoka kwenye sanduku, akasema "ndiyo", ndipo nikabofya. Mara 48. Alipochoka tulibadilishana, yeye akasoma, mimi nikaitikia.

Baada ya hapo tuliziondoa LUN upande wa sanduku, tukafuta anwani zake kwenye iSCSI ya kila seva, za kudumu na za kujigundua zote, kwa maana anwani iliyosahaulika huichelewesha seva kila inapowaka ikibisha hodi kwa asiyekuwepo. Tukaskani upya. Kila seva ilikuwa na njia 4 kwa kila LUN, yaani 32 zilizotakiwa kutoweka. Nilihesabu kwa kila moja. Zilitoweka 32.

Bado hatukuzima. Dada alitaka tufunge tu milango ya sanduku kwenye swichi na tuliache linanguruma mpaka mishahara itoke, kwa sababu mlango wa swichi hufunguliwa kwa amri moja, na diski iliyofutwa hairudi. Mishahara ilitoka kwa wakati, hakuna aliyepiga simu.

Siku iliyofuata nililizima kutoka kwenye ukurasa wake wenyewe, ili vidhibiti vimalize kuandika kilichobaki kwenye kumbukumbu. Feni zilishuka sauti hatua kwa hatua, taa 24 za mbele zikazimika. Nilianza kufungua skrubu za reli. Dada akanizuia, akaniambia nizipitie kwanza logi za vmkernel, kiini cha ESXi, seva zote, na nimsomee. Nilikaa chini mbele ya raki na kompyuta mapajani, nikasoma ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Hakukuwa na mstari hata mmoja uliolitaja lile sanduku.