Kutoka Kwihara hadi Ujiji juu ya Baiskeli Moja

Tulianza safari yetu Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, mbele ya tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kufuatana na Stanley kutoka Ujiji. Mume wangu ndiye aliyechagua mahali hapo, kwa kuwa alitaka tuifuate njia ya zamani ya misafara, ambayo wapagazi wa Kinyamwezi waliipita na pembe za ndovu mabegani wakielekea pwani, ingawa sisi tulishika upande wa pili, magharibi, hadi Ziwa Tanganyika. Ni zaidi ya kilomita 400. Tulizimaliza kwa siku nane za mwezi wa Julai, juu ya baiskeli ya watu wawili tuliyoinunua mtumba Dar es Salaam.

Asiyewahi kuipanda baiskeli ya namna hii hudhani kwamba anayekaa nyuma amebebwa. Sivyo. Pedali za mbele na za nyuma zimeunganishwa kwa cheni, kwa hiyo miguu yote minne huzunguka pamoja, na mmoja akiacha kukanyaga, mwenzake huhisi papo hapo. Mimi nilikaa nyuma. Usukani wangu haugeuki, breki sina, na mbele yangu naona shati la mume wangu tu. Ilibidi basi anitangazie kila kitu kabla hatujakifikia: "Shimo." "Tuta." "Tunasimama, Mama Neema." Siku ya kwanza, kabla hatujafika Urambo, alisahau mara mbili kunitajia tuta, nami nikaumia mgongo hata nisipate usingizi. Usiku ule nilimweleza kwa utulivu kwamba asiyeiona njia hana budi kuambiwa, naye akanielewa.

Baada ya Kaliua tulikuta vumbi, na msitu wa miombo ukatufunika pande zote. Huo ni msimu wa kurina asali, na mara kwa mara tulipishana na wanaume waliofunga ndoo nyuma ya baiskeli zao, wakitusalimu "Mwangaluka" huku wakiikodolea macho baiskeli yetu. Huko ndiko mbung'o walikonishambulia. Nilikuwa nimejifunga kanga ya buluu kiunoni, nao wakaniuma juu ya nguo yenyewe, mapajani na mgongoni, wakimwacha mume wangu karibu salama. Mzee mmoja mrina asali alitusimamisha akaniambia, "Mwanangu, ivue hiyo kanga, ndiyo inayowaita." Alisema kweli: mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na huvutwa pia na kitu kinachotembea. Nilijifunga kitenge cha rangi ya udongo, na nusu ya adha ikapungua.

Kesho yake spoki ilikatika. Tulisikia mlio mdogo kama wa uzi wa gitaa, kisha gurudumu la nyuma likaanza kuyumba na kugusa breki kila linapozunguka. Lilikuwa limebeba watu wawili, hema, sufuria na lita kumi za maji, na spoki iliyokatika ilikuwa upande wa meno ya cheni, mahali ambapo kuingiza nyingine kunahitaji kwanza kuyafungua meno hayo kwa kifaa maalumu ambacho hatukuwa nacho. Tuliisukuma kwa saa mbili hadi kijijini, tukamkuta fundi chini ya mwembe. Aliligeuza gurudumu polepole, akalisikiliza, kisha akachukua spoki ndefu ya baiskeli ya kawaida, akaikata kichwa, na kwa koleo akaikunja ncha yake mara mbili kama ngazi ndogo, ili aipenyeze katika tundu kutoka pembeni bila kufungua chochote. Aliikaza kidogo kidogo, robo mzunguko kwa robo mzunguko, akiweka ukucha wa kidole gumba karibu na rimu ili aone inapoegemea. Alikataa kupokea zaidi ya bei anayowatoza majirani zake. Spoki ile ilitufikisha Ujiji, na hadi leo hatujaibadilisha.

Tulivuka mto Malagarasi asubuhi yenye ukungu, tukalala Uvinza, mji wa chumvi tangu zama za kabla ya misafara, na huko nikanunua mfuko wa chumvi kwa ajili ya mama mkwe.

Kwenye ramani safari hii ni mteremko: Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika mita 770 hivi. Hata hivyo, kutoka Uvinza vilima vilitupandisha na kutushusha kutwa nzima, na michikichi ikaanza kuonekana mabondeni. Hatukuzungumza sana. Nilikuwa nimekwisha kujua kutoka mabega yake, yakiinama, kwamba mlima unakuja, na yeye alijua kutoka pedali kwamba nimechoka, akabadilisha gia kabla sijaomba.

Alasiri ya siku ya nane, tukiwa tunapanda, nilisikia sauti yake ile ile ya kutangaza mashimo na matuta.

"Ziwa, mbele."

Kisha akakata kona pembezoni mwa barabara, akafunga breki na kuilaza baiskeli upande ili mgongo wake usinizibe.