Daftari la Lawino: kalamu mbili na boga moja

Jumapili usiku

Nimerudi kwa Lawino baada ya majuma mawili ya uvivu. Kwa asiyejua nilikoanzia: ninausoma upya Wimbo wa Lawino, utenzi wa mshairi wa Uganda Okot p'Bitek ambamo mke, Lawino, anamlalamikia mumewe; nausoma polepole, bila mtihani mbele yangu. Shuleni tuliorodheshewa dhamira tukazikariri: mgongano wa tamaduni, ndoa, dini, elimu, siasa. Nilifaulu vizuri, na Lawino mwenyewe sikumwelewa hata chembe. Nakala yangu ni ya Kiingereza, ile ambayo Okot mwenyewe aliitoa kwenye Kiacholi, lugha ya kaskazini mwa Uganda, ikachapwa mwaka 1966. Pembeni naandika kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani kwetu hapa Bombo.

Safari hii natumia kalamu mbili. Nyekundu ni kwa yale Lawino aliyoyaona mwenyewe; bluu ni kwa maneno ya mumewe, Ocol, kama anavyoyasimulia. Sehemu ya kwanza imejaa bluu: mke hajasoma, mama mkwe mchawi, ukoo mzima wajinga kwa kuwa wanakula panya. Nafsineni, yaani sauti inayosema ndani ya shairi, ni mke, na mume tunamjua kwa mdomo wa mke. Ni kama kesi ya ndoa mbele ya wazee ambayo upande mmoja tu umefika. Mke mwenza, Tina, ndiye kabisa hana wakili. Anafananishwa na paka pori aliyechovya mdomo kwenye damu, basi. Si haki, lakini tashbiha ile hunichekesha kila nikiifikia.

Jumatano

Umeme ulikatika kuanzia magharibi, nikaenda kwa mama jirani, mzaliwa wa Kitgum, huko kwa Waacholi. Alikuwa anaambua nyuzi za majani ya maboga kwa mwanga wa simu. Nikamsomea methali ya Lawino na nilichoandika chini yake daftarini: "Boga la boma la zamani lising'olewe. Lawino ni mhafidhina, hataki mabadiliko." Akamaliza fungu lake kwanza, ndipo akaniuliza juu ya neno la Kiacholi lililomo kwenye methali hiyo.

"Obur unaijua wewe?"

"Si boma, mama?"

"Boma ni hapa tunapokaa, mwanangu. Obur ni kule watu walikohama. Nyumba zimeanguka, majani yameota, lakini okono, hilo boga, inazaa yenyewe tu. Ukipita na njaa, unachuma. Sasa uing'oe ya nini?"

Mahame! Neno ninalo siku zote, na sikuwahi kuliweka pale.

Alhamisi

Nimefuta "mhafidhina" kwa mistari miwili. Kama boga liko kwenye mahame, basi watu wameshahama, na Lawino analijua hilo. Hasemi turudi wala tusiondoke. Tena anatamka wazi kwamba mila za wageni hazidharau. Anachouliza ni kwa nini mume adharau zake. Ukisoma hivyo, hata lile jiko la kizungu analolilalamikia si woga wa kitu kipya. Ni mtu anayesema chombo hiki sikukiomba, na chakula nilikuwa napika.

Kisha nikafungua jibu la Ocol, utenzi mwingine wa Okot, lililotoka mwaka 1970, ambalo shuleni tuliliruka. Huyu bwana naye analitazama boma lile bondeni, magofu matupu, na boga kubwa linaoza, limejaa wadudu. Anaahidi kulilima bonde lote na kuyafanya maboga mbolea. Kwa hiyo juu ya kuhama hawana ugomvi. Wanagombea boga: linalika, au limeoza? Na mimi nilikuwa nimewaandika "mila" na "usasa", kila mmoja kwenye safu yake, kama timu za mpira.

Kalamu mbili hazitoshi tena. Kuna mistari ambayo si ushahidi wala matusi: Lawino akikumbuka Ocol alivyomchumbia, na mwishoni kabisa akiomba nafasi amchezee ngoma, amwonyeshe utajiri uliomo nyumbani mwake. Mke aliyetukanwa ukurasa hadi ukurasa, bado anamwita mpenzi. Hiyo nilitaka niipigie mstari wa kijani. Dukani walikuwa na zambarau tu, nikachukua hiyo.