Nyumba ya Wikendi Inayojitunza Siku Tano

Nyumba ya mapumziko hukaliwa Jumamosi na Jumapili. Siku tano zinazobaki haina mtu wa kufungua dirisha wala kuwafagia mchwa. Kwa hiyo nilipoanza kuchora yangu huko Rongai, nje ya mji wa Nakuru, kila kitu nilikiuliza swali moja: Jumatano, nikiwa darasani mjini, kitakuwaje?

Nilianza na maji. Visima vingi vya pande hizi vina floraidi inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Ndiyo inayowapa watu wetu meno ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka hudhuru hata mifupa. Shirika la Afya Duniani linataka isipite miligramu 1.5 kwa lita. Kuyachemsha maji hakusaidii, kwani mvuke huondoka na floraidi ikabaki. Vichujio vya makaa ya mifupa vipo, tena vinafanya kazi, ila makaa huchoka na lazima yabadilishwe, nami sikutaka kitu cha kunidai kumbukumbu. Nikaamua kunywa mvua.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa langu, pamoja na baraza, lina mita za mraba 60, kwa hiyo mvua ya alasiri ya milimita 20 ni lita 1,200, ukitoa kidogo inayoruka na kupotea. Tangi ni la lita 5,000. Mabati yakikaa kiangazi kizima hushika vumbi na kinyesi cha ndege, basi fundi alisimamisha bomba nene kando ya gata: maji ya kwanza, yale machafu, hujaza bomba hilo, ndipo yanayofuata yaingie tangini. Chini kuna kitundu kidogo kinachodondosha mpaka bomba liwe tupu, likisubiri mvua nyingine. Katika nyumba nzima hakuna ninachokipenda kama hicho kitundu. Tangi likijaa, ya ziada yanapelekwa kwenye migomba, mbali na msingi, maana udongo wetu wa majivu ya volkano huchimbika upesi ukipitiwa na maji.

Choo ndicho kilichotugombanisha. Shimo refu kwenye udongo huu legevu laweza kuporomoka, na tangi la maji taka kwa wageni wa siku mbili niliona ni anasa. Nilitaka choo cha juu, kisichotumia maji, kinachotenganisha mkojo na kinyesi, unachomwagia majivu baada ya kutumia.

"Mwalimu, wageni watasema umeishiwa pesa," fundi akaniambia.

"Waseme, Fundi. Wewe jenga."

Kuhusu jua sikuhitaji mtaalamu. Hapa karibu na ikweta, Juni linaelemea kaskazini na Desemba kusini, lakini mwaka mzima linachoma kuta za mashariki na magharibi. Kuta ndefu zikatazama kaskazini na kusini chini ya paa lililotokeza nje, bafu na stoo vikakingia magharibi, na jikoni ikapata dirisha la mashariki, kwa kuwa asubuhi za Rongai zina baridi ya kumfanya mtu aikumbatie sufuria. Umeme ni paneli moja tu, ya taa na simu. Imelazwa mshazari kidogo mvua iioshe, na fremu yake imechomelewa. Sababu mnaijua.

Jumapili jioni nafunga koki ya tangi, kisha nampelekea jirani, bibi tunayemwita Kogo, ufunguo wa geti. Mbuzi wake wanakula nyasi za ploti. Miche ya matunda nimeizungushia seng'enge, kwa sababu mbuzi ni mbuzi, hata wa Kogo.