Marta wa Helsingborg na lawama wanazobebeshwa wanawake wa ughaibuni

Wiki iliyopita Waswahili wa hapa Helsingborg, Uswidi, na miji ya jirani tulikutana kusoma hitima ya mama wa mwenzetu aliyefariki nyumbani, na baada ya dua, pilau ikiwa inapakuliwa, mazungumzo yalihamia kwenye ndoa nyingine iliyovunjika miongoni mwetu. Kaka mmoja, mtu mzima anayeheshimika, alisema bila kupunguza sauti kwamba nchi hii ndiyo inayovunja ndoa zetu, kwa kuwa mwanamke akishapata namba yake ya utambulisho na mshahara wake, mume anageuka mpangaji ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wanaume wenzake waliitikia. Sisi tuliokuwa jikoni tulisikia kila neno, na dada aliyeachana na mumewe alikuwa pamoja nasi, mikono yake imo ndani ya maji ya kuoshea sinia. Hakujibu, na mimi pia sikujibu, kwa heshima ya marehemu na ya wafiwa. Lakini neno lile limenikaa rohoni, na leo nalijibu kwa maandishi, tena kwa ushahidi wa Waswidi wenyewe.

Ushahidi wangu ni filamu ya zamani, ya rangi nyeusi na nyeupe, iitwayo Till glädje, yaani Kwa Furaha, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi Februari 1950. Mwongozaji wake ni Ingmar Bergman, ambaye wakati wa kuipiga alikuwa na umri wa miaka 31 na bado hajawa jina kubwa duniani. Niliiazima katika maktaba, ambako mtu haulizwi ametoka wapi wala hatozwi senti, na niliichagua kwa sababu moja tu: hadithi yake inatokea katika mji huu ninaoishi. Bergman aliujua vizuri, kwa maana alikuwa mkuu wa jumba la michezo ya kuigiza la hapa kuanzia mwaka 1944 hadi 1946. Ukumbi wa muziki unaoonekana katika filamu, ule mweupe uliobuniwa na msanifu Sven Markelius na kufunguliwa mwaka 1932, ndio ninaoupita ninapokwenda kazini. Ng'ambo ya maji unaiona Denmark, na feri huchukua kama dakika 20 kuvuka.

Hadithi yenyewe inaanza kwa msiba. Stig, mpiga fidla wa okestra ya mji, anapokea habari wakati wa mazoezi kwamba mkewe Marta amekufa kwa kulipukiwa na jiko la mafuta ya taa katika nyumba yao ya mapumziko. Kutoka hapo filamu inarudi nyuma na kutusimulia ndoa yao tangu walipoingia katika okestra ile wakiwa vijana. Marta naye ni mpiga fidla. Anapata mshahara wake, amewahi kuolewa kabla, na haingii katika ndoa hii kwa macho yaliyofumbwa. Stig anaingia akiwa na ndoto moja kubwa kuliko nyumba nzima: anataka kuwa mpiga fidla wa peke yake anayesimama mbele ya okestra na kushangiliwa, asiyekaa kwenye kiti cha safu pamoja na wenzake.

Siku inafika, anapata nafasi ya kupiga konsato ya fidla ya Mendelssohn mbele ya watu, na anashindwa. Hashindwi kwa hila ya mtu, wala kwa fitina ya mke, wala kwa sheria ya nchi. Anashindwa kwa sababu kipaji chake ni cha kadiri, na jambo hilo hawezi kulivumilia. Nilirudisha sehemu ile na kuitazama tena, kwa kuwa ndipo ndoa inapoanza kuoza. Baada ya usiku ule Stig anakuwa mtu wa maneno makali. Ukarimu wa Marta unamkera, utulivu wake anauona kuwa dharau, na habari ya mimba haimpi furaha. Hatimaye anajitupa katika nyumba ya mzee mmoja tajiri wa moyo mchafu na mke wake kijana, Nelly, ambaye Stig anatembea naye, kwa sababu kule hakuna anayemkumbusha kwamba yeye ni mpiga fidla wa kawaida.

Ndugu zangu wanaume, naomba mnisikilize hapa, kwani huyu Stig mnamjua. Mnamjua kwa jina la mwalimu aliyefundisha sekondari nyumbani, akasimama mbele ya wanafunzi na kuitwa mheshimiwa, na leo anasafisha mabehewa ya treni usiku. Mnamjua kwa jina la mhasibu aliyekuwa na ofisi na dereva, na leo anapanga maboksi ghalani chini ya kijana anayeweza kuwa mwanawe. Mke wake aliyekuja naye bila cheo akasoma kozi ya uuguzi msaidizi, akaajiriwa katika nyumba ya wazee, lugha ikamkaa mdomoni kwa sababu kutwa nzima anazungumza na vikongwe, na mwisho wa mwezi mshahara wake ukawa mkubwa kuliko wa mumewe. Hapo ndipo neno dogo linapokuwa ugomvi. Chakula kikichelewa ni dharau, simu ikilia ni mashaka, na mtoto akijibu kwa Kiswidi, mama ndiye aliyemfundisha utovu wa adabu. Mume hasemi kwamba anaumia kwa kile alichokipoteza. Anasema mke amebadilika.

Mimi ni muuguzi msaidizi, na sisemi haya kwa kuwadharau. Kazi ya mikono si aibu, na mwanamume anayeamka saa tisa ya usiku katika baridi ya Januari ili watoto wake wapate viatu ana heshima yangu yote. Ninachokataa ni uchungu ule kuhamishiwa mgongoni kwa mwanamke, kisha ukapewa jina la sheria za Uswidi.

Tena hizo sheria zitajwe kwa usahihi. Uswidi ililegeza masharti ya talaka mwaka 1915, na mwaka 1920 ikaondoa usimamizi wa mume juu ya mke aliyeolewa, kwa hiyo Stig na Marta wanaishi katika nchi ambayo tayari ilikuwa na uhuru huo, ingawa utaratibu wa leo, ambapo mtu haulizwi hata sababu, ulianza mwaka 1974. Marta angeweza kuondoka wakati wowote. Alikuwa na kazi, alikuwa na sheria, na mume alikuwa amempa sababu za kutosha. Wanatengana kweli, lakini utengano ule haukuletwa na mahakama wala na mshahara wa Marta, na baadaye ni barua wanazoandikiana zinazowarudisha pamoja. Yule mwenye mshahara na haki zake ndiye aliyekuwa na subira ndefu zaidi. Kaka yangu aliyesema maneno yale kwenye hitima ana mama huyu wa kumjibu.

Kwa anayejiandaa kuja huku na mwenzi wake, nasema mapema mambo ambayo hatukuambiwa. Kwanza, anayekuja kwa kibali cha ndoa hupewa kibali cha muda, kwa kawaida kisichozidi miaka 2 mwanzoni, na ndoa ikivunjika mapema anaweza kukipoteza. Sheria inamwangalia kwa namna ya pekee aliyepigwa au kunyanyaswa, kwa hiyo dada, usikubali kuambiwa kwamba ukisema utarudishwa tu. Pili, vyeti vyenu vije vyote, pamoja na matokeo ya masomo, kwa maana ipo mamlaka ya serikali inayotathmini elimu ya nje, na mwanamume aliyeanza safari hiyo mwezi wa kwanza hafanani na yule aliyekaa miaka akisema nchi hii haitambui kisomo chake. Tatu, mkae chini kabla ya kupanda ndege mkubaliane mtafanya nini ikiwa mke atapata kazi kwanza, kwa sababu mara nyingi ndivyo inavyokuwa.

Jambo lililoniumiza zaidi katika filamu ni upweke wa watu wawili hawa. Wanagombana ndani ya kuta zao, na hakuna anayebisha hodi. Hakuna shangazi wa Stig wa kumwita pembeni na kumwambia kwamba anaikosea nyumba yake, wala somo wa Marta wa kumsikiliza hadi alfajiri. Nyumbani kwetu Tanga ugomvi wa namna ile ungekuwa umefika kwa wazee kabla ya wiki kwisha, na hata sheria ya ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka shauri lipite kwanza katika baraza la usuluhishi kabla ya mahakama kusikiliza ombi la talaka. Hapa unajaza fomu, unalipa kronor 900, na kama mna watoto walio chini ya miaka 16 au mmoja wenu hataki, mnapewa miezi 6 ya kufikiri. Mnafikiri na nani, hilo fomu haiulizi.

Sisemi mabaraza yetu hayana kasoro. Wako wazee waliomrudisha mwanamke kwa mume aliyemvunja mkono, wakampa kitenge na maneno ya kuvumilia. Lakini mtu wa tatu mwenye busara ni neema, na katika filamu yupo mmoja tu: Sönderby, kiongozi wa okestra, mzee mkali mwenye huruma iliyojificha, ambaye anawapenda vijana hawa wote wawili na hamwogopi Stig. Aliyemwigiza ni Victor Sjöström, mmoja wa waasisi wa sinema ya Uswidi, aliyeongoza filamu ya Körkarlen mwaka 1921, kisha akaenda kufanya kazi Hollywood. Sjöström mwenyewe alipelekwa Marekani tangu utotoni na wazazi wake, wakati Waswidi zaidi ya milioni moja walipokuwa wakihama nchi yao kutafuta maisha katika muda wa miongo kadhaa. Natamani wenzetu wa Kiswidi wanaotutazama kwa jicho la pembeni kwenye basi wangelikumbuka hilo kila siku. Sönderby anapozungumza na Stig nilimwona mjomba wangu, na nikatamani kila ndoa yetu ya huku iwe na Sönderby wake, mtu wa kupigiwa simu ambaye hatachagua upande kwa sababu ya kabila wala jinsia.

Kisha kuna lile jiko. Waswidi wengi wa leo watakiona kifo cha Marta kuwa kisa cha kale, lakini sisi hatuhitaji kuelezwa. Jiko la Primus, lile la pampu, lilivumbuliwa hapa Uswidi, Stockholm, mwaka 1892, na likafika hadi pwani yetu. Bibi yangu alikuwa nalo. Nalikumbuka tangi lake la shaba lililosuguliwa likang'aa, kikombe kidogo cha spiriti kinachowashwa kwanza ili kichwa kipate moto, na sindano nyembamba ya kuzibulia tundu ambayo watoto tulikatazwa kuigusa. Bibi alitufukuza barazani kila alipolipiga pampu, kwa maana aliwahi kumzika jirani aliyeunguzwa na jiko la namna ile. Kwa hiyo nilipomwona Stig amepokea ile habari, nilijua mara moja ni kifo cha aina gani, na ni cha nani. Ni kifo cha mtu aliyekuwa jikoni.

Hapa ndipo ninapotofautiana na Bergman, ingawa namheshimu. Wanandoa wamepatana, wameanza upya, na hapo mke anaondolewa. Stig anarudi kwenye mazoezi ya Simfonia ya Tisa ya Beethoven, kwaya inaimba wimbo wa furaha, Sönderby anawaeleza wanamuziki juu ya furaha iliyo kubwa kuliko maumivu, na mtoto wa kiume wa Stig anaingia ukumbini na kukaa kumsikiliza baba yake. Ni dakika nzuri sana, na nililia. Lakini nilipokwisha kulia nilikasirika, kwa sababu Stig amepewa muziki, amepewa mtoto, amepewa hekima, na vyote vimelipiwa na mwanamke ambaye hakuwa na deni. Bergman mwenyewe wakati ule ndoa yake na Ellen, mama wa watoto wake wanne, ilikuwa inavunjika, na talaka ikatoka mwaka uleule filamu ilipotoka. Namwona kijana aliyejua makosa yake na akayaandika bila kujipendelea, ila bado hakujua afanye nini na mke aliye hai. Zaidi ya miaka 20 baadaye, mwaka 1973, alipotengeneza Scener ur ett äktenskap, yaani Matukio ya Ndoa, kwa ajili ya televisheni, mke anabaki hai, anazungumza, na anamjibu mume neno kwa neno. Kazi ile ni kubwa zaidi, lakini kwa watu wa ughaibuni naipenda hii ya kwanza, kwa sababu ndani yake kushindwa kazini kunaingia nyumbani na kuketi mezani.

Nimeomba chumba cha mikutano cha maktaba kwa Jumamosi moja ya mwezi ujao ili tuitazame pamoja, wanaume kwa wanawake, na maktaba wamekubali bila kututoza. Filamu haina maandishi ya Kiswahili, kwa hiyo mimi na mwenzangu mmoja tutafasiri papo kwa papo. Kaka aliyezungumza siku ya hitima nimempelekea mwaliko wake kwa salamu njema na heshima zote, naye amejibu kwamba atakuja. Watoto wadogo waachwe nyumbani na baba mmoja atakayejitolea. Anayeweza kuleta chai na vitumbua anijulishe mapema.