Ufunguo wa pili

Mie mtu wa Mikindani, Mtwara, nipo Leicester huku Uingereza mwaka wa tisa sasa, na talaka nilipewa huku huku sebuleni, siku ya Jumanne, mwenyewe kavaa soksi. Hayo tuyaache.

Kwetu hakuna anayekufundisha kukaa peke yako jamani. Unyago nimechezwa, somo kanifunda kuishi na mume mpaka namna ya kumpokea mlangoni, ila kuishi na nafsi yangu halikuguswa kabisa, maana kwetu ukiachika unarudi kwa mama yako, unalala kitanda kimoja na mdogo wako, asubuhi mashangazi wamejaa barazani wanataka kisa. Mie eda yangu, twahara tatu zote, nimeimalizia kwenye basi naenda shifti ya usiku nyumba ya wazee, na mama kila akipiga anauliza mwanangu unakaa na nani, namdanganya nipo na wenzangu.

Mwanzoni nilikuwa napika wali vikombe viwili kama zamani, naula siku tatu mpaka naukinai. Na Desemba huku saa kumi jioni giza tayari, nawasha TV siiangalii, nataka tu mtu aongee.

Sasa siku moja nimetoka kutupa taka, kanga na kandambili, na milango ya hizi flati ikijibana imejibana, ufunguo uko ndani juu ya meza. Wallahi nikagonga! Yaani nikagonga mlango wangu mwenyewe nikasimama nasubiri kufunguliwa. Nikacheka, halafu nikalia, mpaka mama mmoja wa Kisomali wa chini akatoka akanichukua kwake, chai ya maziwa, tukamngoja fundi. Pauni 90 alinichaji, mwizi yule.

Kesho yake nikachongesha ufunguo wa pili nikampelekea yule mama.

Siku hizi napika kikombe kimoja. Siku nisiyo na shifti nashinda na dera natafuna korosho za mama, anazonitumia msimu ukianza Oktoba, hakuna wa kuniuliza chakula kiko wapi, na kusema kweli nimepazoea, ila usiku wa Ijumaa bado unaniuma kidogo.

Juzi nikamwambia mama ukweli, kwamba nakaa peke yangu na ufunguo mwingine anao jirani Msomali. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Huyo Msomali," akasema, "pweza mkavu anakula?"