Mgongo wangu haukupona kwa kulala

Ramadhani ya mwaka 2022 nilikuwa na madera arobaini na kanzu kumi na moja za kukabidhi kabla ya Idi. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na wenzangu wa kazi hii wanalijua kumi la mwisho lilivyo: unakaa kwenye kigoda baada ya daku, huinuki ila kwa swala. Siku ya 23 niliinama kuokota jora la kitambaa sakafuni. Wala halikuwa zito. Nikasikia kiuno kimekaza kama kamba iliyovutwa ghafla, na kunyooka nikashindwa. Baba watoto alinikuta nimeshika meza ya cherehani kwa mikono miwili, jasho linanitoka, jora bado liko chini.

Ushauri wa kwanza niliopewa ndio ule kila mtu anaoujua, na ndio ulioniumiza kuliko jora lenyewe.

Jirani yangu alikuja mbio. "Pole mwaya. Toa godoro, lala chali chini, usijitikise mpaka mgongo ushikane." Mama mkwe akaafiki, akasema hata yeye enzi zake alilazwa hivyohivyo. Nikatandikiwa mkeka. Siku mbili za mwanzo nilipata nafuu kweli, nikawashukuru. Kuanzia siku ya nne mambo yakageuka. Kila nikitaka kugeuka ubavu, mgongo mzima ulikuwa umekauka kama ngozi iliyoanikwa juani. Kwenda msalani nikawa nashikwa mkono. Nikilalamika naambiwa, "Umejitikisa wewe, lala vizuri." Nalala vizuri zaidi, kesho yake naamka mbaya zaidi. Idi ilinikuta palepale mkekani, takbira nazisikia kutoka msikitini, na wateja wanapita dukani kuchukua vitambaa vyao ambavyo hata mkasi havijaguswa. Kuna mama mmoja aliondoka na kitambaa cha binti yake bila kuniambia neno, na ukimya wake uliniuma kuliko angenifokea. Siku 11 nzima nililala.

Siku ya 12 nikapakiwa kwenye bajaji kwenda hospitali. Daktari hakuanza na mgongo. Aliniuliza kama mkojo naweza kuuzuia, kama katikati ya mapaja pamekufa ganzi, kama mguu mmoja umelegea, kama nina homa au nimepungua uzito, kama niliwahi kuugua kifua kikuu, maana nacho hushuka kwenye pingili za mgongo. Yote nikamjibu hapana. Akanigonga magoti, akaninyanyua mguu mmoja mmoja, kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: "Mama, mgongo wako haujavunjika. Inuka utembee." Picha hakuniandikia. Nilitamani kulia, si kwa maumivu, kwa zile siku 11.

Jioni ile nilitembea kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe wa jirani na kurudi. Kesho yake mara mbili. Wiki ya pili nikafika barabara kuu. Maumivu yalikuwepo, sitawadanganya, lakini nikirudi ndani yamepungua kuliko nilivyotoka, na hiyo ndiyo alama niliyoishika. Ukitembea na maumivu yakapanda yakakaa juu mpaka kesho, umezidisha, punguza. Yakipanda na kushuka, endelea.

Shangazi yangu wa Pangani alikuja kunitazama. Ni mkandaji, amewakanda wazazi wengi pale kwao. Nikamwamkia shikamoo kutoka kitini, akaitikia marahaba, akaingia jikoni moja kwa moja bila kuvua mtandio. Alitaka chumvi ya mawe, si ile laini ya mezani. Kiasi cha nusu kilo akaimwaga kwenye kikaango kikavu, akaikoroga mpaka ikaanza kualika, pa, pa. Binti yangu kwa haraka akaleta mtandio wa nailoni wa kuifungia. Ulinywea hapohapo, ukatoboka, chumvi ikamwagika sakafuni. Shangazi akaipasha upya. Safari hii aliikunja khanga ya pamba mara mbili, akafunga fundo, akaligusisha kwanza ndani ya mkono wake mwenyewe, ndipo akaliweka kiunoni kwangu. Joto la chumvi haliji kwa pupa, linazama taratibu na linakaa. Baada ya robo saa akanikanda kwa mafuta ya nazi, akifuata nyama za pembeni mwa uti wa mgongo. Uti wenyewe hakuukandamiza. "Mwanangu, mfupa haukandwi," alisema. "Nyama ndiyo imeogopa, ibembeleze."

Usiku ule nililala mpaka alfajiri bila kuamka.

Hapo pana kosa nililolifanya wiki iliyofuata, shangazi akiwa ameshaondoka. Nilijipaka dawa ya kuchua yenye pilipili, halafu juu yake nikaweka fundo la chumvi, nikidhani dawa mbili zitafanya kazi mara mbili. Niliungua nikatoka malengelenge. Chagua moja. Na mwenye kisukari ambaye ngozi yake haisikii moto vizuri, joto la chumvi hiyo apimiwe na mtu mwingine.

Chuku, kule kuchanjwa na kufyonzwa damu, nimepigwa mara moja. Nilijisikia mwepesi siku mbili, maumivu yakarudi. Sikatazi, ila wembe utolewe kwenye karatasi yake mbele ya macho yako.

Lakini nafuu ya joto ilikuwa ya kupita, kwa sababu kila niliporudi cherehani, baada ya saa mbili tu kiuno kinaanza tena. Mtaalamu mmoja wa mazoezi ya viungo alinifundisha mazoezi matatu (kuvuta goti kifuani nikiwa chali, kuinua nyonga kutoka chini, na kujinyoosha kama paka kwa mikono na magoti), akaniambia niinuke kila nusu saa. Mazoezi nayafanya baada ya alfajiri hapo hapo kwenye mswala. Kuinuka ndiko kulikonishinda. Fundi aliyezama kwenye mshono hakumbuki saa. Niliweka kengele ya simu, nikawa naizima bila kuangalia.

Basi siku moja bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, iliniishia uzi, nikanyoosha mkono kwenye droo kuchukua nyingine, nikatulia nimeishika mkononi. Nikazitoa zote kwenye droo, nikazipeleka kwenye rafu ya juu kabisa upande wa pili wa chumba. Mkasi mkubwa nao huko. Uzi wa chini ukiisha sina hila, sindano inatoboa tu bila kushona, lazima niinuke, nivuke chumba, nijinyooshe kuifikia rafu. Tangu siku ile kazi yenyewe ndiyo inayoniinua. Hili sikuambiwa na mtu, nimelipata mwenyewe, na nalionea fahari.

Kigoda nacho nikakipima kwa futi iliyokuwa shingoni. Kilikuwa kifupi, magoti yanapanda juu ya nyonga, mgongo unajikunja kama upinde. Seremala wa mtaani akakiongeza miguu inchi tatu, kwa elfu chache tu.

Kabla ya hayo yote nilikuwa nimeuziwa mkanda wa kufunga kiuno, kama elfu thelathini na kitu, nikaambiwa nisiuvue. Mwishoni mwa 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa maumivu sugu ya mgongo wa chini. Likataja mazoezi na kukandwa miongoni mwa yanayofaa, na mikanda ya kiuno likasema isitolewe kama tiba ya kawaida. Binti alinisomea kwenye simu, nikamwambia arudie. Likasema pia kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu haya. Nikawafikiria wote waliotandikiwa mkeka wakaambiwa wasijitikise.

Swala nilikuwa naswali kwenye kiti karibu miezi miwili. Siku niliyosujudu mwenyewe, paji la uso likagusa mswala na nikainuka bila kushika kitu, nilikaa pale muda mrefu baada ya salamu.

Msimu wa masika kiuno bado hunikumbusha asubuhi. Napasha chumvi, natoka kutembea hata kama kuna manyunyu, saa nne niko kazini. Sasa nina mwanafunzi wa kushona, binti wa miaka 19. Bobini zake nimeziweka rafuni pamoja na zangu. Ananung'unika kila anapoinuka, "Fundi, si ningeziweka hapa tu?" Namwambia zifuate hukohuko.