Kwa nini nautaka huu usomi wa chuo

Watu wakiniuliza kwa nini nahangaika na chuo wanategemea niseme hela, na hela naitaka kweli, ila kinachonisukuma zaidi ni mama. Akipewa karatasi ya dawa anaikunja anaitia kwenye pochi mpaka nirudi nimsomee, na hata mimi kuna maneno pale yananishinda. Nataka niyaelewe jamani! Nijue kwa nini antibayotiki haiui kirusi cha mafua, kwa nini presha inaweza kukaa mwilini bila dalili yoyote huku inaharibu figo, ndo maana nimechagua famasia. Digrii yenyewe miaka 4 au zaidi, sawa tu, ntaisoma. Fomu nishajaza, sahivi nakomaa na kemia.